Mtafiti wa gundi apewe muda

Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tunakumbuka: daftari likichanika tulilibandika kwa uji mzito wa muhogo. Si mzaha. Viwanda vya maboksi duniani hadi leo hutumia gundi ya wanga, wa mahindi hata wa muhogo, uliotiwa kostiki soda ili uive kwa joto dogo.

Muhogo tunao. Tunachokosa ni wakuu wa utafiti wenye subira. Mwaka 1968, Spencer Silver wa kampuni ya 3M, Marekani, alitafuta gundi kali akapata dhaifu, inayobanduka. Kwetu, nadhani, angeandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Kule watafiti waliruhusiwa kutumia asilimia 15 ya muda wao kwa mawazo yao wenyewe. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, aliyechoshwa na vikaratasi kudondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akaiona faida yake. Vikaratasi vya Post-it vilienea madukani Marekani mwaka 1980. Miaka 12!

Wizara inayohusika itenge fedha za utafiti wa wanga wa muhogo kwa miaka mitano, si mmoja, na mkuu atakayeteuliwa awe ameshinda maabara, si ofisini tu.