Neno "Huru" na Kamba ya Mkwezi

Habari za ukweaji wa miamba hutufikia zikiwa zimepotoshwa, na upotoshaji huo mara nyingi huanzia kwenye neno moja: "huru".

Januari 2015, Wamarekani Tommy Caldwell na Kevin Jorgeson walikamilisha ukweaji huru wa ukuta wa Dawn Wall, katika mwamba wa El Capitan, California, baada ya siku 19. Wako waliotangaza kwamba hawakutumia kamba. Sivyo. Katika ukweaji huru, mkwezi hujiinua kwa mikono na miguu yake; kamba haimvuti, bali humdaka anapoteleza. Nao waliteleza mara nyingi. Aliyekwea El Capitan bila kamba ni Alex Honnold, tarehe 3 Juni 2017, tena baada ya kuizoea njia ile kwa kamba. Filamu ilipomtukuza mwaka uliofuata, yule wa pekee akadhaniwa kuwa mfano wa wote.

Kwetu kosa liko upande wa pili: kila kitu ni "kupanda mlima". Kilimanjaro, mita 5,895, hupandwa kwa kutembea katika njia zake za kawaida. Kinachowashinda wengi ni uchache wa hewa. Katika Mlima Kenya, kilele cha Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, ilhali Batian, mita 5,199, hukwewa kwa kamba. Habari isiyotaja kilele haijatuambia kitu.

Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru, kwani mkwezi wa minazi tunamjua. Hukata vidato katika shina au hutia kitanzi cha kamba miguuni, wala hatumsifu kwa kutoogopa; twamsifu kwa ufundi. Vidato hivyo ndivyo vilivyoyapa jina madarasa ya sekondari niliyoyafundisha: hatua kwa hatua, bila kuruka.

Basi tuandike "kupanda" panapohitaji miguu tu, "kukwea" panapohitaji na mikono, na "kukwea bila kamba" pale tu ambapo kamba haikuwapo. Kijana wa Lushoto atakayeujaribu mwamba wa Irente kwa mikono mitupu, akiamini kwamba mashujaa hawafungi kamba, atakuwa amesadiki tulichomwandikia. Mhariri aulize swali moja kabla ya kuchapisha: kamba ilikuwapo?