Jicho Likicheza, Uulize Usingizi Wako

BARAZA YA IJUMAA
Na Bakari Mwinyishehe

Juma lililopita ukope wa chini wa jicho langu la kushoto ulianza kunicheza, nami nilipoketi barazani baada ya Alasiri, nikijipapasa kwa kidole kama mtu aliyeingiwa na mchanga, hapakupita muda illa majirani zangu walikwisha kunitolea hukumu tatu mbalimbali: wa kwanza alisema nitalia, maadamu ukope uchezao ni wa chini; wa pili alisema kushoto ni upande wa shari, basi nisisafiri; na wa tatu, mzee muuza kahawa, huku akinimiminia kikombe cha nne kutoka katika dele lake, akanambia kwa upole kwamba hapana budi nitapata mgeni.

Itikadi hii ni kongwe, wala si yetu peke yetu. Waarabu waliifanya fani wakaiita elimu ya ikhtilaji. Waturuki waliandika vitabu vya kueleza maana ya kucheza kwa kila kiungo. Na huko Bara Hindi husemwa kwamba jicho la kulia ni heri kwa mwanamume na la kushoto ni heri kwa mwanamke. Siwadharau wazee hao, kwani jambo moja waliliona kwa hakika, nalo ni kwamba mwili unaponena pasi na kuulizwa, yampasa mwenyewe asikilize. Kosa lao ni kuutazamia ujumbe njiani, ilhali aliyeuleta yumo ndani ya nyumba.

Jicho limezungukwa na musuli mwembamba, mithili ya pete, ambao kazi yake ni kulifumba, nao hupokea amri kutoka ubongoni kwa njia ya mshipa wa fahamu wa saba katika zile jozi 12 zitokazo kichwani. Basi nyuzi chache za musuli huo zinapochoka au kusumbuliwa, hujitikisa zenyewe bila ya amri, mwenyewe akadhani kwamba mji mzima unamtazama, ilhali aliyeketi mbele yake mara nyingi haoni kitu. Na ajabu ni hii, kwamba ukope uchezao aghalabu ni wa chini, yaani ule ule ambao mila yetu imeuwekea kilio. Hivyo fali hiyo inawatabiria machozi watu walio wengi, na ni nani, katika mji wenye kodi za nyumba na karo za shule, asiyepata la kulilia katika muda wa juma moja?

Nilipoihasibu nafsi yangu niliona kwamba kwa siku nane nilikuwa nikilala muda wa saa nne tu kila usiku kwa ajili ya arusi ya mpwa wangu, nikiikodolea simu macho kuhesabu michango hata usiku wa manane. Na jicho, ambalo kwa kawaida hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, likikazia kioo husahau kupepesa, likakauka na kuwasha. Kahawa nayo, nusu ya nguvu zake bado zimo damuni saa tano hivi baada ya kuinywa, wakati mtu anapoutafuta mto. Wala sitaji miraa, ambayo mlaji wake huuza usingizi wa usiku mzima kwa bei ya fungu moja. Uchovu, wasiwasi, kahawa na ukavu wa jicho ndizo sababu za kila siku, na tiba yake ni sahali: kulala, kupunguza vikombe, kuweka kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya jicho lililofumbwa, na kwa mwenye jicho kavu, matone ya kulilowesha. Kwa wengi hali hiyo hutoweka katika siku au majuma machache.

Lakini iko mipaka ambayo akiivuka mtu hana budi kumwendea tabibu. Ikiwa mchezo huo umepita majuma matatu, ikiwa jicho linajifumba lote, au macho yote mawili yanajikaza hata mtu akashindwa kuyafumbua juani au njiani, ikiwa mtikisiko umeshuka shavuni na pembeni mwa kinywa, ikiwa jicho ni jekundu, limevimba au latoa usaha, ikiwa ukope wa juu umelegea au mtu anaona vitu viwili viwili, basi asingoje. Tena zipo dawa, za kichefuchefu na za maradhi ya akili, zenye kuweza kuitikisa misuli ya uso; anayezitumia asiziache kwa rai yake, bali amuulize aliyemwandikia. Na uso ukilegea ghafula upande mmoja, mkono ukakosa nguvu, au ulimi ukawa mzito, hilo si la kungoja kesho, ni la kukimbilia hospitali saa ile ile.

Nalimjua mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye nusu ya uso wake ilimcheza kwa miaka miwili, akivaa hirizi na kunywa kombe, akijifunika ushungi hata arusini kwa haya. Sikatazi dua; nasikitikia miaka miwili. Tabibu alimweleza kwamba mshipa wa damu ulikuwa ukiugandamiza ule mshipa wa saba pale utokapo ubongoni, akamchoma sindano ndogo za sumu ya botulini, ambayo kwa kipimo kidogo mno huulegeza musuli kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa. Dawa hiyo tabibu wa macho Alan Scott wa San Francisco aliitafuta kwa ajili ya makengeza, na serikali ya Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zenye kujifumba kwa nguvu.

Ama mimi, arusi ilipokwisha nililala tangu baada ya Isha hata adhana ya Alfajiri, na siku ya pili yake ukope ukatulia. Nilimwambia mzee wa kahawa kwamba fali yake ilisadifu, kwani mgeni alikuja kweli, naye ni usingizi, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwangu kwa siku nane. Mzee alicheka, akaliinua dele lake aniongeze, nami nikakifunika kikombe changu kwa kiganja.