Mdako Upewe Nafasi Katika Kupima Hesabu

Mwaka 2015 Tanzania iliandaa mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila namna ya kupima imebaki nyuma. Mtoto wa miaka saba hupewa karatasi, naye huandika jibu. Likiwa sahihi, mwalimu hajui kama mtoto amelifikiria, amehesabu vidole au amechungulia kwa jirani. Likiwa si sahihi, hajui kama kilichomshinda ni hesabu au ni kusoma swali. Alama anayo, lakini pa kuanzia kumsaidia mtoto hana.

Michezo ya watoto wenyewe inaweza kumpa mwalimu hapo pa kuanzia. Katika mdako, mchezaji hurusha kokoto moja juu, huchota nyingine kutoka shimoni, kisha hurusha tena na kurudisha zilizozidi kabla ya kuidaka. Raundi ya kwanza hubakiza moja moja, ya pili mbili mbili, ya tatu tatu tatu. Huko ni kugawanya kwa vitendo. Mwalimu akiweka kokoto 13 na kuuliza, kabla ya raundi ya tatu, yatatoka mafungu mangapi na zitabaki ngapi, mtoto ataonyesha jinsi anavyofikiri. Anayejibu papo hapo, anayehesabu moja moja na anayebahatisha wanahitaji msaada wa aina tatu tofauti.

Yapo mashaka yanayostahili kujibiwa. Mwenye mikono mizito anaweza kuonekana hajui hesabu. Huyo apange mafungu chini bila kurusha, kwa kuwa kinachopimwa si wepesi wa kudaka. Darasa la watoto 80 halitazamiki lote kwa siku moja; litazamwe kundi moja kila siku huku wengine wakifanya zoezi, na mwalimu aandike mstari mmoja kwa kila mtoto. Wazazi nao huhofia kwamba mchezo unakula muda wa masomo. Lakini Paul Black na Dylan Wiliam, waliopitia tafiti nyingi mwaka 1998, walionyesha kuwa upimaji unaomwezesha mwalimu kurekebisha ufundishaji wake huinua ufaulu. Sharti ni kwamba alichokiona kiandikwe na kifanyiwe kazi. Bila hivyo, watoto watakuwa wamecheza tu. Upimaji wa kitaifa ubaki, kwa sababu taifa linahitaji kipimo kimoja kwa shule zote. Ila wathibiti ubora wa shule wakubali daftari la mwalimu la michezo kuwa ushahidi halali wa upimaji, maana hakuna mwalimu atakayedumu katika njia ambayo wakubwa wake hawaitambui.