Kamera Mlangoni, Sinki Bila Picha

Leo naweka kando habari za programu na simu mpya. Nataka tuzungumze juu ya ugomvi unaojulikana na kila anayekodi nyumba Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret: mpangaji na mwenye nyumba. Msidhani nimetoka nje ya mada. Teknolojia imo ndani ya ugomvi huu, na mimi nasema tumeiweka mahali pasipofaa.

Chukueni ploti ya kawaida ya ghorofa tano kule Kasarani, Umoja au Rongai. Langoni kuna soja mwenye daftari kubwa. Mgeni anaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nyumba anayokwenda na saa aliyofika. Kwenye ngazi kuna kamera za CCTV, na mara nyingine moja imeelekezwa sawasawa kwenye mlango wa mtu. Ofisini kuna faili lenye nakala za vitambulisho vya wapangaji, majina ya waajiri wao na simu za jamaa zao. Kodi inaingia kwa M-Pesa, na kila malipo yana tarehe na saa.

Kwa hivyo mwenye nyumba, akitaka, anaweza kujua unafanya kazi wapi, nani alikutembelea Jumamosi na alitoka saa ngapi. Sasa mwulizeni swali moja dogo: siku mpangaji wa nyumba B7 alipoingia, sinki ya jikoni ilikuwa na ufa au haikuwa nao? Hajui. Msimamizi wa ploti pia hajui. Mpangaji anasema aliikuta hivyo. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyepiga picha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, tena kubwa, lakini tumeandika watu ndani yake na mali tukaisahau. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo: mwenye nyumba ana haki ya kujua habari za nyumba yake. Habari za maisha ya aliyemo ndani ni jambo lingine kabisa. Tukitenganisha hayo mawili, ugomvi mwingi utakwisha wenyewe.

Ugomvi unaanzia wapi

Wa kwanza ni wa dipoziti. Mpangaji anahama baada ya miaka mitatu. Mwenye nyumba anakata pesa za rangi, kufuli, mfereji wa bafu na kioo cha dirisha, na mwishowe hakuna kinachobaki. Mpangaji anasema kioo kilikuwa na ufa tangu zamani, na rangi ya miaka mitatu lazima ifubae hata kama nyumba haina mtu. Huenda anasema kweli, huenda anadanganya. Bila kumbukumbu mshindi ni yule aliyeshika pesa, na sote twajua ni nani.

Wa pili ni wa kuingia. Msimamizi ana ufunguo wa akiba. Mpangaji akiwa kazini, mtu anaingia "kuangalia bomba". Jioni mwenye nyumba yake anakuta kiti kimesogezwa na mlango wa kabati uko wazi. Akilalamika anaambiwa hii ni mali ya watu, siyo yako.

Wa tatu unamhusu mpangaji mwenyewe, maana si haki kumlaumu upande mmoja tu. Wako wapangaji ambao kwao neno faragha ni kisingizio. Bomba linavuja, jirani wa chini anaweka ndoo sebuleni, dari inaota ukungu, na huyu wa juu hafungui mlango wiki nzima kwa sababu "hapendi kusumbuliwa". Nyumba hutunzwa kwa kuangaliwa, na anayezuia kuangaliwa kwa namna hiyo anaiharibu sawa na anayevunja sinki.

Sheria inasema nini

Watu wengi hudhani katika mambo haya hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaweka masharti ndani ya mkataba wa kukodi hata kama hayakuandikwa. Maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza wajibu wake, anatakiwa kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Kama kilichokodiwa ni sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na njia za pamoja ni kazi ya mwenye nyumba. Kifungu hicho hicho kinampa mwenye nyumba au wakala wake ruhusa ya kuingia kukagua na kukarabati, lakini kwa wakati unaofaa na bila kumsumbua mpangaji kupita kiasi.

Someni tena. Kuingia kunaruhusiwa, na sababu yake imetajwa: hali ya jengo. Kabati la nguo halimo.

Juu yake kuna Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inalinda faragha ya kila mtu, ikiwemo kutopekuliwa nyumba yake na kutodaiwa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo lazima. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosema habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, ziwe zile zinazohitajika tu, na zisiwekwe muda mrefu kuliko inavyohitajika. Wenye ploti msijifiche nyuma ya udogo wa biashara. Kanuni za usajili za 2021 ziliwasamehe wafanyabiashara wengi wadogo, lakini zikataja usimamizi wa majengo na uendeshaji wa kamera za usalama kati ya kazi zisizopata msamaha huo.

Na ofisi ya Kamishna wa Data si ya mapambo. Mwaka 2023 iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Sasa mfikirie yule msimamizi anayetuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti majina ya wenye deni la kodi, na picha ya kamera ya "yule mgeni wa D4". Kudai kodi ni haki. Kumtangaza mtu mbele ya majirani arobaini ni jambo jingine.

Jinsi sisi wa tarakilishi tunavyofanya

Katika kazi yetu ugomvi huu tulishakutana nao. Kampuni inayokodisha seva ni mwenye nyumba. Mitambo ni yake, stima ni yake, chumba ni chake. Wewe uliyekodi unaweka faili zako humo. Msimamizi wa mitambo ana uwezo wa kufungua karibu kila kitu, lakini kazi yake ni kuangalia afya ya mashine: diski imejaa kiasi gani, joto limepanda wapi, mtandao umekatika saa ngapi. Kampuni nzuri humpa kila mfanyakazi ruhusa inayotosha kazi yake tu, na kila akiingia mahali, mfumo unaandika nani, lini na kwa nini. Kumbukumbu hiyo humlinda mteja, na humlinda msimamizi pia siku anaposingiziwa.

Ploti zetu ziko kinyume. Mpangaji anaandikwa kila anapopita langoni, na mwenye ufunguo wa akiba haandikwi popote. Yule mwenye uwezo mdogo ndiye anayefuatiliwa, mwenye uwezo mkubwa hana kumbukumbu. Mwanaprogramu yeyote akiuona mfumo kama huo atashika kichwa.

Tena hizo kamera zenyewe ni hatari nyingine. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na vinasa picha kwa wingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Vifaa hivyo vikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani mwezi Oktoba mwaka huo. Kinasa picha cha ploti yako kimefungwa na fundi wa mtaani, kimeunganishwa na mtandao, na nywila je? Kama hujui jibu, basi hujui ni nani mwingine anayetazama ngazi zako :-)

Tufanye hivi

Haihitaji programu ya kununua. Simu mliyo nayo inatosha.

1. Picha za siku ya kuingia. Kabla vitu havijashushwa kutoka kwenye pikapu, mpangaji na msimamizi wazunguke pamoja. Piga picha sinki, choo, kila kioo, kila kufuli, sakafu, dari, mita. Siku ya kutoka, rudieni vilevile. Hakuna uso wa mtu unaohitajika kwenye picha hizo.

2. Tuma kwa barua pepe kwa pande zote mbili siku hiyohiyo. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na tarehe iliyofichwa ndani ya faili inaondolewa. Tena tarehe ya ndani ya faili mtu anaweza kuibadilisha. Barua pepe iliyopokelewa na wote wawili ni vigumu kuikana, kwa sababu kila upande una nakala yake.

3. Daftari la kuingia nyumbani. Si la wageni, ni la wenye ufunguo. Arafa moja siku iliyotangulia: "Kesho saa nne fundi atakuja kuangalia bomba la bafu." Akimaliza, aandike aliingia saa ngapi, akafanya nini. Dharura kama moto au bomba lililopasuka haisubiri arafa, lakini iandikwe baadaye.

4. Mpangaji naye aripoti kwa maandishi. Mfereji ukianza kudondoka, tuma ujumbe na picha wiki hiyo, usingoje siku ya kuhama. Na fundi akija kwa taarifa, mfungulie.

5. Punguza daftari la langoni. Sheria ya usalama wa kibinafsi ya 2016 inamruhusu soja kumwomba mgeni ajitambulishe na kuandika saa za kuingia na kutoka. Hilo halina ubaya, wezi wapo. Lakini daftari lililo wazi mezani, kila mgeni akisoma nambari za simu za waliomtangulia, linamsaidia mwizi na tapeli kuliko linavyowazuia. Fichwa liwe, na la mwaka juzi lichomwe.

6. Kamera ziangalie lango, maegesho na ngazi, zisiangalie mlango wa mtu. Badilisha nywila. Mtu mmoja anayejulikana ndiye awe na ruhusa ya kutazama, na picha zifutike zenyewe baada ya wiki kadhaa.

Wenye nyumba mtasema hii ni kazi nyingi. Hebu pigeni hesabu. Kupiga picha nyumba ya chumba kimoja ni dakika kumi. Ugomvi wa dipoziti ni miezi. Siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inayosikiliza madai ya pesa hadi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku sitini. Haifungwi kabisa na kanuni nzito za ushahidi, na huhitaji wakili kufika mbele yake. Mpangaji akienda pale na picha ishirini za tarehe moja na barua pepe uliyoipokea mwenyewe, nawe ukaenda na daftari la wageni, sioni utakavyoshinda. Na kama yeye ndiye aliyevunja sinki, picha hizohizo zitakulipa wewe.

Mtasema pia kwamba mwenye mali lazima ajue ni nani anaishi kwake. Kweli. Jina, kitambulisho na simu ya kumpata vinatosha kwa mkataba. Nani anamtembelea, analala saa ngapi, anatumia stima kiasi gani usiku, havitunzi ukuta wala paa. Hata mita za kisasa za tokeni zina jambo hili: matumizi ya stima yakisomwa saa kwa saa yanaonyesha lini mtu yuko nyumbani na lini hayupo. Anayeuza tokeni kwenye ploti anahitaji hesabu ya pesa, hahitaji ratiba ya usingizi wako.

Tatizo la nyumba za kukodi halitamalizwa na vifaa, kwa sababu kodi, mishahara na uhaba wa nyumba nzuri ni mambo mazito kuliko kamera. Lakini sehemu hii ndogo iko mikononi mwetu, na haina gharama. Kabla ya kununua kamera ya nane, mwenye nyumba apige picha sinki.

Nyinyi je, kwenye ploti zenu mambo yakoje? Mna picha za siku mliyoingia? Wenye nyumba pia mnakaribishwa, tena sana. Andikeni maoni yenu hapo chini, tujadiliane kwa heshima.