Mstari Usioonekana Juani

Mwezi uliopita nilipanda milima ya Usambara hadi Bungu kumjulia hali dada yangu, nikamkuta shemeji amenuna. Kijana wao, aliyejifunza mwenyewe kuandika kurasa za mtandao kwa lugha ya HTML, alikuwa ametengeneza ukurasa mdogo wa kuuzia maharage ya nyumbani. Juu ziliandikwa bei za mzigo unaochukuliwa shambani, kisha mstari, na chini yake maneno "Kufikishiwa Dar es Salaam" pamoja na bei zake. Mnunuzi mmoja hakuuona mstari. Aliyachukua maneno yale kuwa ni mwisho wa orodha ya juu, akaishikilia bei ya shambani, na gharama za lori zikamwangukia shemeji.

"Lakini mstari upo, mjomba," kijana alijitetea, akanikabidhi simu. Tulikuwa uani, jua la saa sita likiwaka. Sikuona kitu. Aliupaka rangi ya kijivu hafifu, mwembamba kama uzi wa buibui, kwa kuwa kurasa za makampuni makubwa aliziona hivyo.

Ndugu wasomaji, katika HTML mstari huo huandikwa kwa alama moja tu, <hr>. Hapo zamani alama hiyo ilibebeshwa mapambo yote: urefu, unene, hata kivuli. Toleo la HTML5, lililoidhinishwa mwaka 2014, liliyaachia mapambo CSS, yaani lugha ya mitindo, na alama ikabaki na maana yake: hapa jambo moja limekwisha, jingine linaanza. Ni kazi ile ile ya masale mpakani mwa shamba.

Maana hiyo ina faida yake. Asiyeona, mathalani kijana aliyesoma shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto, husomewa ukurasa na mashine, nayo aghalabu humwarifu kuwa pana kitenganishi. Wapo wanaopiga vistari thelathini mfululizo badala ya <hr>. Mashine yaweza kuvisoma kimoja kimoja, na kwenye simu ndogo vikakatika safu mbili. Mniwie radhi, huo ni uvivu.

Basi tuliketi barazani tukaandika upya:

hr { border: 0; border-top: 2px solid #333; margin: 24px 0; }

Neno la kwanza laondoa ukingo ambao kivinjari huuweka chenyewe pande zote nne. Wengi hulisahau, wakashangaa mstari wao una vivuli. La pili lachora upande wa juu tu, kwa rangi iliyokoza. La tatu, ambalo kijana alilidharau, laacha nafasi juu na chini ya mstari. Katika kisa hiki nafasi hiyo peke yake ingetosha kuyabandua maneno ya Dar es Salaam kutoka orodha isiyo yake.

Shemeji aliichukua simu, akatoka nayo juani, akaitazama kitambo.

"Huu nauona," alisema, kisha akamwuliza mwanawe kama yule mwenye lori amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi.