Keki Nyeupe Inaokeka Bariadi

Tuache kuamini kwamba keki ya harusi lazima ipande basi kutoka Mwanza. Juzi nilioka kwa mara ya kwanza ile keki nyeupe ya Kimarekani isiyo na siagi wala kiini cha yai. Hata mafuta yetu ya pamba, fahari ya Simiyu, hayaingii humo: tone moja tu na ute haupandi. Huinuliwa na hewa. Ute wa mayai 12 hupigwa na ndimu na sukari hadi usimame, ndipo unga uliochekechwa unachanganywa taratibu. Sufuria haipakwi mafuta, kwa kuwa keki hupanda ikishika ukuta. Mkaa mwingi niliupalia juu ya mfuniko, kidogo chini. Ikiiva hupoozwa kichwa chini, la sivyo inanywea. Viini nilivikaanga, watoto wakala.

Kwa joto letu, aising ya siagi huyeyuka kabla bibi harusi hajafika ukumbini. Nilipaka ute uliopigwa na shira ya moto, ukakaa vizuri kabisa.

Akina mama mnaoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, uokaji nao uandikeni kwenye maombi yenu.