Kipupwe na saruji: usiwahi kutoa mirunda

Umemwaga zege la lenta mwezi Julai, siku ya tatu bado ni changa. Je, saruji ni feki? Si lazima.

Zege haligandi kwa kukauka, bali saruji inapofanya kazi na maji. Mifuko mingi siku hizi ni ya mchanganyiko. Soma alama ya CEM II: herufi P ni mawe ya volkano, S ni mabaki ya tanuru la chuma, yote yamesagwa. Viungo hivi huanza kazi polepole, na baridi huvichelewesha zaidi. Namba 32.5 au 42.5 hupimwa siku ya 28, sampuli ikiwa kwenye maji ya nyuzi joto 20.

Kwa hiyo fundi aliyezoea joto la hapa Mkwajuni, akienda kujenga Vwawa wakati wa kipupwe, asihesabu siku zilezile. Mirunda ikitolewa mapema, zege huweza kumwangukia aliye chini.

Joto nalo huwahisha mwanzo, lakini jua likinyonya maji, zege hubaki dhaifu. Tunashauri: funika kwa magunia mabichi, mwagilia angalau siku 7, na kwenye baridi ongeza siku za mirunda.